Kubonyeza Kifungo si Kujua Kazi



Tumepata malalamiko matatu ya namna moja kutoka kwa wenzetu wafanyao kazi katika nyumba za matibabu ya meno, upande huu wa Kitale na upande wa Bungoma. Mmoja wao anakaa hapa Matisi, na ndiye aliyetuomba tuliandike jambo hili ili lisomwe na wote. Hatutamtaja tajiri hata mmoja kwa jina, maana mazungumzo nao hayajaisha. Lakini jambo lenyewe halina budi kusemwa.

Mambo huwa hivi. Tajiri ananunua mashine mpya ya eksirei, ile izungukayo kichwa cha mgonjwa na kutoa picha ya taya ya pande tatu. Mtu wa kampuni iliyoiuza anakuja asubuhi, anaonyesha vifungo, anakunywa chai, na saa nane za mchana amekwisha panda gari kurudi alikotoka. Kesho yake msichana aliyeandikwa kazi ya kupokea wagonjwa mlangoni anaambiwa, “Tangu leo wewe ndiwe wa eksirei.” Picha ya kwanza inatoka mbovu. Ya pili mbovu pia. Mgonjwa ananung’unika, daktari anakasirika, na mwisho wa mwezi yule msichana anakuta mshahara wake umekatwa, na katika karatasi pameandikwa kuwa ni hasara ya picha zilizoharibika.

Juu ya fedha hizo jibu letu ni fupi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yaruhusu mshahara ukatwe kiasi cha haki kwa hasara ya mali ya tajiri ambayo mfanya kazi ameifanya kwa kusudi. Mtu asiyefundishwa hakukusudia kitu. Fedha hizo zirudishwe, na chama kinazidai.

Juu ya kazi yenyewe tutasema kwa urefu, kwa sababu tumegundua kwamba hata baadhi ya wanachama wetu wanadhani tajiri ana haki kidogo. Wanasema, “Mashine ya siku hizi hufanya yote yenyewe, mtu ni wa kubonyeza tu.” Maneno haya ndiyo yanayotuumiza. Ikiwa kazi ni kubonyeza tu, basi mshahara wa kubonyeza watosha, na hakuna haja ya shule wala ya kupandishwa cheo. Hivyo twataka kila mwanachama, hata asiyefanya kazi hospitalini, aelewe kazi hii ni nini.

Mashine hii mafundi huiita kwa herufi CBCT. Ilitoka katika kazi za wataalamu wa Italia na Ujapani katika miaka ya mwisho ya 1990, na leo imeenea duniani. Eksirei ya kawaida hupiga picha moja kutoka upande mmoja, kama kivuli cha mtu ukutani. Hii hutuma mionzi iliyotanuka kama tochi, nayo huzunguka kichwa nusu ya duara au duara nzima, na katika safari hiyo moja hupiga picha mamia. Kompyuta ndiyo inayoziunganisha mpaka daktari aweze kuona taya kutoka juu, kutoka mbele na kutoka ubavuni, na kulikata vipande kwa macho kama mkate. Anaona gego la mwisho lililolala limekaribiaje mshipa wa fahamu upitao ndani ya taya la chini. Anaona ukubwa wa uvimbe. Mwendesha bodaboda aliyeanguka katika njia ya Kiminini akavunjika taya, daktari anaona ufa umeanzia wapi na kuishia wapi. Ni chombo kizuri, na hatukipingi hata kidogo.

Lakini fahamuni jambo hili. Kompyuta huziunganisha picha zile mamia kwa imani moja tu, kwamba kichwa kilikaa pale pale tangu ya kwanza hadi ya mwisho. Mgonjwa akimeza mate, akigeuza shingo kuufuata mkono wa mashine, akitetemeka, mara nyingi kompyuta haijui. Inauweka mfupa ule ule mahali pawili. Ukingo wa mfupa unatoka mara mbili, na ule mfereji wa mshipa wa fahamu, ambao kwa ajili yake mgonjwa ametoka Chwele kwa matatu mbili, haujulikani uko wapi. Mashine hizi huonyesha mambo madogo kuliko nusu ya milimita, basi kutikisika kidogo tu kwatosha kuharibu. Hakuna kifungo cha kumtuliza mtu. Anayemtuliza ni mfanya kazi.

Kwa hiyo twasema kazi yenyewe ni kumweka mgonjwa, na kubonyeza ni mwisho wake tu, sekunde chache. Tumewauliza wenzetu waliosomea, nasi twaandika waliyotueleza.

Kazi huanza na karatasi ya daktari. Anataka kuona nini, jino moja, taya la chini, au uso mzima? Mashine nyingi zaweza kupiga eneo dogo la kiasi cha sentimita 5 kwa 5, au eneo kubwa la kufunika taya zote mbili na zaidi. Kanuni ni kuchukua eneo dogo linalotosha swali lililoulizwa. Karatasi ikiwa haisemi swali, mfanya kazi arudi kwa daktari akaulize, na daktari asimwone mjeuri. Hapo hapo jina lihakikishwe, na upande pia, kulia au kushoto, maana mtu aliyepigwa picha ya upande usiouma amepata mionzi bure.

Kisha vyuma. Hereni, mkufu, miwani, kifaa cha kusikilia, meno ya bandia ya kutoa, pini na vibanio vya nywele, vyote hutolewa, kwa sababu chuma hutupa mistari myeupe na vivuli vyeusi juu ya mahali panapotakiwa. Wanawake wetu wengi husuka nywele na kuzibana, na wako wanaofunga vilemba au mitandio kwa pini. Mtu hawezi kuvuliwa kilemba mbele ya watu waliokaa bencini. Apewe chumba cha faragha na mwanamke mwenzake amsaidie. Mwanamke huulizwa pia kama ana mimba, na swali hilo nalo huulizwa faraghani, maana mara nyingi mama mkwe ndiye aliyemsindikiza, naye anasikiliza.

Halafu ni maneno. Mgonjwa aambiwe mapema kitakachotokea. Mashine itamzunguka na haitamgusa, italia kidogo, na mambo yatakwisha kabla hajahesabu ishirini au thelathini pole pole, kwa kadiri mashine ilivyo. Ameze mate sasa, asimeze wakati ule. Afumbe macho asiufuate mkono unaozunguka. Apumue taratibu kwa pua. Mzee asiyeelewa Kiswahili vizuri aelezwe kwa Kibukusu, au Kisabaoti, au Kiturkana, na kama hapo kazini hakuna ajuaye lugha hiyo, aitwe aliyemleta. Mwenye hofu aonyeshwe mashine ikizunguka bila mionzi kwanza, jambo ambalo mashine nyingi huliweza. Dakika mbili hizo ndizo tajiri huziita kupoteza wakati.

Ndipo mtu huwekwa. Ziko mashine za kusimama, ziko za kukaa, na ziko za kulala. Mtu akikaa hutulia kuliko akisimama, basi kiti kikiwapo kitumike. Mgongo unyooke, nyayo zikae sakafuni, mikono ishike vishikio. Kidevu kikae mahali pake, na meno yaume kile kijiti kidogo, ambacho hufunikwa upya kwa kila mgonjwa, na mahali pa kidevu hupanguswa dawa kila mara. Taa za leza huonyesha mistari usoni. Mstari wa wima hupita katikati ya paji la uso, pua na kidevu. Mstari wa kulala, katika mashine nyingi, hutoka tundu la sikio kwenda ukingo wa chini wa jicho, nao uwe sawa na sakafu. Lakini kwa picha ya taya moja mara nyingi hutakiwa usawa wa meno ndio ulale sawa na sakafu. Kitabu cha mashine ndicho hakimu, na twashangaa kusikia kwamba mahali pawili kati ya yale matatu kitabu hicho kimefungiwa kabatini mwa tajiri. Meno ya juu na ya chini yakitakiwa kuonekana mbalimbali yatengwe kidogo kwa pamba au kwa kile kijiti. Mwisho kichwa hushikizwa kwa vibao vya pembeni na mshipi wa paji la uso. Mshipi huo haumfungi mtu kama mwizi. Ni wa kumkumbusha asigeuke.

Hapo yuko mzee mwenye kibiongo, ambaye mabega yake yatagongwa na mkono wa mashine. Huyo huwekwa chini zaidi, na mashine huzungushwa bila mionzi kuona kama itapita. Yuko aliyevunjika taya, asiyeweza kuuma kijiti, naye asilazimishwe. Hutumiwa kishikizo cha kidevu peke yake. Yuko mwenye kikohozi, ambaye ni afadhali angoje. Yuko mtoto. Mtoto asiyeweza kutulia sekunde chache asipigwe picha hii siku hiyo, na mfanya kazi awe na haki ya kumwambia daktari hivyo bila kuogopa.

Kila kitu kikiwa tayari, mashine zenye uwezo huo hupiga kwanza picha ndogo ya kujaribu, yenye mionzi michache, ili kuhakikisha kwamba mahali panapotakiwa pamo katika eneo. Wanaharakishwa hasa hapa. Mwenzetu mmoja alikatazwa kuipiga, akaambiwa inachelewesha foleni.

Sasa mtu wa kampuni ana neno lake, nasi tutalijibu kwa haki. Anasema, “Hata ukimweka upande kidogo, kompyuta yaweza kuinyoosha picha baadaye.” Ni kweli nusu. Katika ile picha ya zamani ionyeshayo meno yote kwa mstari mmoja, kichwa kikiinama au kikisogea mbele, meno hutoka yamepindika, na basi. Katika hii ya pande tatu, kichwa kilichoinama kidogo chaweza kunyooshwa katika kompyuta, na vipimo vya mfupa havipotei. Lakini kompyuta haiwezi kurudisha kipande cha taya kilichoachwa nje ya eneo. Haiwezi kufuta kabisa mtikisiko wa mtu aliyekohoa. Haiwezi kuondoa hereni iliyosahauliwa. Nusu iliyobaki ya ukweli haikusemwa siku ile ya chai, kwa kuwa muuzaji amekuja kuuza.

Na picha ikiharibika hurudiwa. Hapo ndipo jambo hili linapokuwa zito.

Mionzi iingiayo mwilini hupimwa kwa maikrosivati. Picha moja ndogo ya jino, kwa vyombo vya kisasa, haifiki 1.5. Ile ya meno yote kwa mstari ni kiasi cha 3 hadi 24. Hii ya pande tatu, kwa hesabu zilizokusanywa katika mwongozo wa Ulaya wa mwaka 2012, huanzia kama 11 kwa eneo dogo mpaka kupita 1,000 kwa eneo kubwa la uso katika mashine nyingine. Mionzi ya asili, itokayo ardhini na angani na katika chakula, humpata mtu wa kawaida duniani kiasi cha 2,400 kwa mwaka. Kwa hiyo hatuwatishi watu. Mgonjwa anayeihitaji picha hii na apigwe. Lakini tazameni nafasi iliyo kati ya 11 na 1,000. Sehemu kubwa ya nafasi hiyo imo mikononi mwa mtu achaguaye eneo na nguvu ya mionzi, na picha ikirudiwa mara moja hesabu yaongezeka mara mbili. Mtoto ndiye wa kuhurumiwa zaidi, kwa sababu mwili unaokua huumizwa na mionzi kuliko wa mtu mzima, na miaka ya kuishi iliyo mbele yake ni mingi. Kumpa kazi hiyo mtu ambaye hakufundishwa, kisha kumkata mshahara, ni kumdhulumu yeye na kumdhulumu mgonjwa kwa siku moja.

Na sisi wafanya kazi je? Mionzi haina harufu, haiumi inapoingia, wala haionekani. Wa kwanza kulipa walikuwa wafanya kazi. Roentgen aliigundua huko Ujerumani mwezi wa Novemba 1895. Kabla mwaka uliofuata haujakwisha, daktari wa meno Edmund Kells wa New Orleans, Marekani, alikuwa akipiga picha za meno. Alikuwa akishika filamu kwa mkono wake katika vinywa vya wagonjwa, na kuijaribu mashine kwa kuutazama mkono wake mwenyewe. Kwa miaka hakuona kitu. Kisha ukaja ugonjwa wa ngozi, kisha saratani. Akakatwa vidole, akakatwa mkono, na baada ya mateso mengi akafa mwaka 1928. Kabla yake alikuwako Clarence Dally, msaidizi wa Edison katika kazi ya eksirei, aliyekatwa mikono yote miwili na kufa mwaka 1904. Dally alikuwa mtu wa mshahara, kama sisi. Jina la bwana wake kila mtoto wa shule analijua, na lake nani analijua?

Mashine za leo si kama zile, na anayesimama mahali panapofaa hapati hata sehemu ndogo ya waliyoyapata wale. Lakini kosa la Kells lingali linaombwa kila siku: “Hebu mshike mtoto kichwa kidogo.” Ndugu, usimshike. Mfanya kazi wa eksirei hashiki mgonjwa wakati mionzi inatoka, leo, wala kesho, wala kwa kumwonea mtu haya. Asimame nyuma ya ukuta au kioo cha kuzuia mionzi, mahali anapoweza kumwona mgonjwa na kusema naye, mkono ukiwa karibu na kile kifungo cha kusimamisha mashine. Kama mahali pa kujikinga hapakujengwa, mashine haijawa tayari kutumiwa, hata ikiwa imelipiwa.

Tumesikia pia tajiri mmoja akisema kwamba aproni za risasi si lazima tena, kwa sababu Wamarekani wameziacha. Ni kweli kwamba mwaka 2024 wataalamu wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani walishauri kuwa mgonjwa wa meno hana haja ya kuvikwa aproni wala kola ya shingoni kila mara, ila mionzi ibanwe mahali panapotakiwa na picha isipigwe bila sababu. Kola yaweza hata kuingia katika picha hii ya pande tatu na kuiharibu. Lakini ushauri ule wahusu mgonjwa, na kila nchi hufuata kanuni zake. Haukusema ukuta wa mfanya kazi usijengwe. Yule tajiri alisoma mstari mmoja, ule wenye kupunguza gharama.

Sheria zipo. Sheria ya Usimamizi wa Nyuklia ya mwaka 2019 iliondoa ile ya zamani ya mwaka 1982 na kuweka mamlaka moja ya nchi ya kusimamia mionzi. Mwenye mashine ya mionzi hana budi kuwa na kibali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka tajiri ampe mfanya kazi maelezo, mafunzo na usimamizi unaohitajiwa kwa usalama wake. Yamkataza kumfukuza au kumwonea mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari. Yasema kwamba mfanya kazi aliyetoa habari ya hatari kubwa iliyo karibu asilazimishwe kurudi mahali pale mpaka tajiri arekebishe. Na palipo na watu 20 au zaidi, pawe na kamati ya usalama ambamo wafanya kazi wana viti vyao. Kliniki nyingi za meno hazina watu 20, twajua. Sheria iliyobaki haihesabu vichwa.

Kiwango kinachofuatwa duniani ni kwamba mfanya kazi wa mionzi asipate zaidi ya milisivati 20 kwa mwaka, kwa wastani wa miaka mitano, na asipite 50 katika mwaka wo wote. Mama mjamzito akisha kutoa habari, mtoto aliye tumboni huhesabiwa kama mtu wa nje, asipate zaidi ya milisivati 1 katika muda wa mimba uliobaki. Nani ajuaye amepata ngapi, kama hana kile kibati cha kupimia kivaliwacho kifuani? Wako walio na vibati na hawajaonyeshwa matokeo hata mara moja. Kibati ambacho majibu yake hukaa kwa tajiri ni pambo. Matokeo ni ya mwenye kifua.

Turudi kwenye mafunzo, maana ndiyo shina la yote. Katika nchi yetu, mtu wa kupiga picha za eksirei husomea miaka mitatu katika chuo cha mafunzo ya utabibu cha serikali, KMTC, na hiyo ni njia mojawapo ya kuingia katika kazi hii. Twawaambia wenzetu waliosomea, ambao wamenung’unika kwamba chama kinatetea “watu wa mlangoni” kuingia katika kazi yao: hatutetei hivyo. Msichana wa mlangoni hakuiomba kazi hiyo, aliamrishwa. Twataka asiamrishwe. Akiipenda, apelekwe shule na alipwe kwa elimu aliyopata. Na ninyi mliosomea, wengi wenu mlifundishwa kabla mashine hii haijafika huku, basi nanyi yawafaa kuijifunza upya. Mwongozo wa Ulaya tulioutaja wasema wazi kwamba kila anayehusika, daktari aandikaye barua, anayepiga na anayesoma picha, awe na mafunzo ya darasani na ya vitendo, na ajifunze tena inapokuja mashine mpya. Wasema pia kwamba picha hii isiwe ya kila mgonjwa kama desturi, bali kwa yule ambaye picha ndogo hazikumjibia daktari. Jambo hilo lawagusa matajiri mfukoni, kwa sababu aliyekopa fedha kununua mashine hutamani kila jino lipigwe picha.

Tusiseme kwamba ni matajiri wa kliniki tu. Mwaka 2015 Serikali ya Kenya ilianza mpango wa kukodi vyombo vya hospitali kwa kaunti zote, pamoja na vya eksirei. Mwaka 2020 kamati ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilieleza kwamba katika hospitali nyingine vyombo vilikaa bila kutumiwa, kwa kukosa watu waliofundishwa, au umeme, au vyumba vya kuviweka. Mabilioni yalipatikana kwa chuma, na kwa mtu wa kuendesha chuma hicho hayakupatikana.

Tumeyaweka haya katika barua tuliyowapelekea matajiri. Mtu ye yote asiendeshe mashine ya pande tatu kabla ya kufundishwa na kushuhudiwa akimweka mgonjwa vizuri, na anayemshuhudia awe mtu wa kazi hiyo, asiwe muuzaji. Mafunzo yawe katika saa za kazi, mshahara ukiendelea, na nauli ya Eldoret au Nairobi ilipwe na tajiri. Kitabu cha mashine kikae chumbani mwa mashine. Muda wa kila mgonjwa uhesabiwe pamoja na muda wa kumweka. Picha zinazorudiwa ziandikwe katika daftari pamoja na sababu yake, kama alitikisika, au eneo lilikosewa, au kulikuwa na chuma, ili ijulikane mafunzo yamepungua wapi. Daftari hilo lisitumiwe kumkata mtu mshahara, maana siku litakapotumiwa hivyo watu wataanza kuficha, na mgonjwa ndiye atakayepata hasara.

Matajiri wawili wametujibu. Mmoja asema mtu akifundishwa ataondoka kwenda Nairobi kutafuta mshahara mkubwa. Twamjibu kwamba huenda ni kweli, na dawa yake anayo mwenyewe, ni kumlipa. Kama anataka mkataba kwamba mtu akae miaka fulani baada ya kusomeshwa, tuko tayari kuuzungumza, mradi miaka hiyo iwe na mshahara wa kazi mpya na si wa kazi ya zamani. Wa pili asema chama kimeingilia mambo ya udaktari. Huyo tumemwalika aje kwenye mkutano na atuonyeshe ni neno gani katika barua yetu lililo la udaktari. Kwetu sisi, kiti, ukuta, muda, kibati na shule ni mambo ya kazi.

Yabaki ya kufanywa na wanachama. Kila afanyaye kazi penye mashine hii, au penye ile ya meno yote kwa mstari, Kitale, Kiminini, Kamukuywa, Webuye na Bungoma, aandike katika karatasi mambo haya: nani anaiendesha na alisomea wapi; alifundishwa siku ngapi juu ya mashine hiyo, na nani; pana ukuta wa kujikinga au hapana; ana kibati au hana, na lini mara ya mwisho alionyeshwa matokeo; na kama mshahara wake umewahi kukatwa kwa ajili ya picha. Asiandike jina la mgonjwa ye yote, wala asichukue picha ya mgonjwa kuwa ushahidi, kwani hiyo ni siri ya mwenye mwili. Karatasi zipelekwe kwa katibu wa tawi kabla ya mkutano wa mwezi ujao. Wenye karatasi za mshahara zilizokatwa wazilete zenyewe, au nakala zake, kwa kuwa kwa hao madai yetu hayatangoji mkutano.